Siku, Saa na Zamu ya Kazi: Kwa Nini Fedha za Korosho Hazifiki Siku ya Mnada

Msimu wa mauzo ya korosho unapokaribia, swali moja hurudi kila mwaka katika mikutano ya vijiji, kwenye ofisi za vyama vya msingi na hata kwenye meza za watendaji wetu: "Korosho zimeuzwa, bei imetangazwa, mbona fedha hazijaingia?" Swali hili ni la haki. Mkulima aliyesikia bei ikitangazwa hana sababu ya kunyamaza anapoona siku zinapita na simu yake haijapata ujumbe wa benki.

Mara nyingine jibu ni uzembe wa mtu, na uzembe huo unastahili kuhojiwa. Mara nyingine jibu limo katika programu za kompyuta zinazopanga kazi kwa siku na kwa saa. Programu hizi hazilali na hazina upendeleo, lakini hufuata masharti yaliyoandikwa ndani yake bila kuongeza busara ya kwao. Makala haya yanaeleza masharti hayo yanavyofanya kazi, na hasa yanavyogongana, ili mwananchi ajue ni lini asubiri kwa utulivu na ni lini adai maelezo.

Elimu hii ina thamani ya fedha. Mkulima asiyejua malipo yake yako hatua gani hupoteza nauli kwenda benki Masasi mjini na kurudi mikono mitupu. Aliyekata tamaa zaidi huishia kwa walanguzi wa kangomba, akauza kilo zilizobaki kwa bei ya chini ili apate ada ya mtoto leo. Hasara ya namna hiyo hairudi hata fedha za mnada zikifika kesho yake.

Salfa imekwisha kutufundisha

Kabla ya kuzungumzia kompyuta, tutazame kazi ambayo kila mwenye shamba la mikorosho anaifahamu. Salfa ya unga hupulizwa kuzuia ubwiriunga, na kwa kawaida hurudiwa kila baada ya siku 14. Hilo ni sharti la siku. Aidha, hupulizwa alfajiri, wakati umande ungali juu ya majani na upepo umetulia, ili unga ushike. Hilo ni sharti la saa. Na kabla ya yote hayo, salfa iwe imefika, mashine iwe nzima na mafuta yawepo. Hilo ni sharti la kutangulia: kazi fulani iwe imekwisha ndipo nyingine ianze.

Sasa siku ya 14 imefika, lakini alfajiri hiyo upepo unavuma. Mkulima ana njia tatu. Anaweza kupuliza hivyo hivyo na kupoteza dawa. Anaweza kuruka zamu hiyo na kungoja siku 14 nyingine, ugonjwa ukashamiri. Au anaweza kungoja alfajiri ya siku ya 15. Mkulima mzoefu huchagua njia ya tatu, na hapo huzuka swali jingine: zamu ijayo ihesabiwe kutoka siku ya 14 iliyopangwa, au kutoka siku ya 15 alipopuliza kweli?

Mkulima hulijibu swali hilo kichwani bila kulifikiria sana. Kompyuta haiwezi. Ni lazima mtu aiandikie mapema: sharti la siku likitimia na sharti la saa lisitimie, ifanye nini, na ikichelewa, ihesabu kutoka wapi. Matatizo mengi ya kazi zinazopangwa na kompyuta hutokana na ama kutoandika jibu la swali hilo, ama kuliandika kwa namna ambayo mashine inaielewa tofauti na binadamu.

Safari ya korosho na safari ya fedha

Korosho katika mkoa wetu wa Mtwara huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ni ya mwaka 2005, na mfumo ulianza kutumika kwenye korosho katika msimu wa 2007/2008. Kwa wakulima wa Masasi, chama kikuu ni MAMCU. Kwa ndugu zetu wa Newala na Tandahimba ni TANECU. Tangu msimu wa 2024/2025, minada ya korosho huendeshwa kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, ambalo wengi wetu tunalifahamu kwa jina la TMX.

Tuzifuate hatua zenyewe. Mkulima hupeleka korosho zake AMCOS, zinapimwa na kupangwa kwa madaraja, naye hupewa stakabadhi. Korosho husafirishwa hadi ghala kuu, ambako uzito na ubora hukaguliwa upya. Ghala likishathibitisha, mzigo huingizwa kwenye orodha ya mauzo. Mnada hufanyika, wakulima wakikubali bei mnunuzi hupewa ankara, naye hulipa ndani ya muda uliowekwa na mwongozo wa msimu husika. Fedha zikishaingia, makato yaliyoidhinishwa hutolewa, mgawo wa kila AMCOS hukokotolewa, orodha ya wakulima na namba zao za akaunti hupelekwa benki, na benki huingiza fedha kwenye akaunti ya kila mmoja.

Angalia kwamba kila hatua ina mlango wake. Orodha ya mauzo hufungwa kwa saa fulani kabla ya mnada. Mnada una siku yake ya wiki. Benki ina saa ya mwisho ya kupokea orodha za malipo. Mzigo ukiukuta mlango umefungwa haugeuki. Hulala pale pale hadi mlango ufunguliwe tena, na mlango unaofuata huenda ukawa kesho, au Jumatatu, au wiki ijayo.

Hatua ya kutangulia ikiongezwa, mnyororo wote hurefuka. Msimu wa 2018/2019, Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, uhakiki wa wakulima ulitangulia malipo. Hakuna sharti la siku wala la saa linaloweza kusukuma kazi mbele iwapo kazi iliyotakiwa kutangulia haijakamilika.

"Na" au "au"?

Wataalamu wa kompyuta huyaunganisha masharti kwa maneno mawili mafupi: "na" na "au". Tukisema kazi ifanyike "siku ya kazi na baada ya saa 2 usiku na orodha ikiwa imefika", masharti yote matatu hayana budi kutimia kwa pamoja. Moja likikosekana, kazi inangoja. Tukisema "au", moja tu likitimia linatosha.

Neno hilo moja linaweza kuzua kizaazaa. Upo mpango mkongwe wa kuratibu kazi za kompyuta uitwao cron, uliokuwamo katika mfumo wa Unix tangu miaka ya 1970 na ambao bado unatumika katika seva nyingi duniani. Mtu huuandikia vitu vitano: dakika, saa, tarehe ya mwezi, mwezi, na siku ya wiki. Dakika, saa na mwezi huunganishwa kwa "na", kama tunavyotarajia. Lakini tarehe ya mwezi na siku ya wiki zikitajwa zote mbili, cron huziunganisha kwa "au".

Tuseme afisa fulani anataka ujumbe wa simu uwakumbushe wananchi mkutano wa Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi. Anawaza hivi: Jumatatu ya kwanza lazima iangukie kati ya tarehe 1 na 7, hivyo anaandika "tarehe 1 hadi 7" na pia "Jumatatu". Hoja yake haina kosa. Lakini mashine inasoma: "tarehe yoyote kati ya 1 na 7, au Jumatatu yoyote." Katika Oktoba 2026, ambayo Jumatatu zake ni tarehe 5, 12, 19 na 26, ujumbe uliokusudiwa kwenda mara moja tarehe 5 utakwenda kila siku kuanzia tarehe 1 hadi 7, kisha tarehe 12, 19 na 26. Hizo ni mara 10. Mwananchi aliyepokea ujumbe wa mkutano tarehe 19 akafunga safari, akakuta ukumbi umefungwa, hatauamini ujumbe wa mwezi ujao.

Kwa hiyo, unapopata ujumbe wa huduma unaorudiwa bila mpangilio unaoeleweka, usiupuuze tu. Toa taarifa kwa ofisi iliyoutuma, ukitaja tarehe na saa za kila ujumbe. Tarehe hizo ndizo zitakazomwonyesha fundi mahali "na" ilipogeuka kuwa "au".

Dakika 10 zinaweza kugharimu siku nne

Mgongano unaomgusa mkulima zaidi ni ule wa saa ya mwisho ya kupokea orodha na siku za kazi. Tutumie mfano wa kubuni, wenye kanuni tatu tu. Kwanza, orodha ya malipo ikifika benki kabla ya saa 9 alasiri ya siku ya kazi, inahesabiwa ya siku hiyo. Ikichelewa, inahesabiwa ya siku ya kazi inayofuata. Pili, programu huzishughulikia orodha za siku hiyo saa 2 usiku. Tatu, mkulima huona fedha kwenye akaunti asubuhi inayofuata. Siku za kazi katika mfano huu ni Jumatatu hadi Ijumaa, isipokuwa sikukuu.

Sasa orodha ya AMCOS moja imechelewa kwa dakika 10 tu. Imefika saa 9 na dakika 10. Hasara ni kiasi gani? Jibu linategemea siku.

Ikiwa ni Alhamisi ya kawaida, orodha ingeshughulikiwa Alhamisi usiku na fedha kuonekana Ijumaa. Kwa kuchelewa, itashughulikiwa Ijumaa usiku na fedha kuonekana Jumamosi. Dakika 10 zimegharimu siku moja.

Ikiwa ni Ijumaa ya kawaida, fedha zingeonekana Jumamosi. Kwa kuchelewa, orodha itangoja hadi Jumatatu usiku na fedha kuonekana Jumanne. Dakika zile zile 10 zimegharimu siku tatu.

Ikiwa ni Alhamisi ya tarehe 24 Desemba 2026, fedha zingeonekana Ijumaa tarehe 25, asubuhi ya Krismasi. Kwa kuchelewa, orodha inakuta Ijumaa ni Krismasi, Jumamosi tarehe 26 ni sikukuu, na Jumapili si siku ya kazi. Itashughulikiwa Jumatatu tarehe 28 usiku, na fedha zitaonekana Jumanne tarehe 29. Dakika 10 zimegharimu siku nne, na familia imepitisha sikukuu kwa kukopa.

Katika mifano yote mitatu karani alichelewa kwa muda ule ule, na mashine haikuharibika hata mara moja. Kilichobadilika ni siku ambayo saa hiyo iliangukia. Hii ndiyo sababu taarifa ya "malipo yamechelewa kidogo" haimtoshi mkulima. Taarifa inayomsaidia ni ile inayotaja orodha ilipelekwa siku gani na saa ngapi.

Vilevile ni funzo kwa viongozi wa vyama. Karani anayekamilisha orodha Ijumaa saa 5 asubuhi akaiacha mezani ili aitume "mchana mchana" anacheza na siku tatu za wanachama wake. Kuelekea sikukuu, anacheza na siku nne au zaidi.

Usiku huu ni wa siku ipi?

Kwa hesabu ya asili ya Waswahili, siku huanza jua linapokuchwa. Saa 1 usiku ni mwanzo wa siku mpya, na saa 12 jioni ni mwisho wake. Ndiyo maana tunasema "usiku wa kuamkia Jumatatu", ili msikilizaji asichanganye. Kompyuta huhesabu kwa namna nyingine: siku yake huanza saa 6 kamili usiku. Hivyo, saa 5 na dakika 59 usiku na saa 6 na dakika 1 usiku, ambazo kwetu ni usiku mmoja, kwa kompyuta ni siku mbili tofauti.

Tofauti hii ina athari mbili. Ya kwanza ni kwa mwananchi anayelipa. Namba ya malipo ya Serikali hutolewa ikiwa na tarehe ya mwisho. Ikiandikwa kuwa mwisho wake ni tarehe 30, usichukulie kwamba usiku mzima wa tarehe 30 ni wako hadi kuche. Saa 6 usiku ikipita, kompyuta imeshaingia tarehe 31. Ni busara kulipa mchana, siku moja au mbili kabla.

Ya pili ni kwa kazi zinazotegemeana. Tuseme kazi ya kwanza, kujumlisha mauzo, hufanyika saa 4 usiku. Na ya pili, kuandaa orodha ya malipo, hufanyika saa 7 usiku. Kwa macho yetu ni usiku mmoja na zinaachana kwa saa tatu. Lakini mtaalamu akiandika kwamba kazi ya pili ingoje kazi ya kwanza "ya siku hiyo hiyo", mashine itapotea. Saa 7 usiku ya Jumatano ni mwanzo kabisa wa Jumatano ya kompyuta, na kazi ya kwanza ya Jumatano haitafanyika hadi saa 4 usiku wa siku hiyo. Kazi ya pili itakaa ikingoja saa 21, wakati jumla iliyohitajika ilikuwa tayari tangu Jumanne. Dawa yake ni kuandika "ya jana".

Hitilafu ya namna hii hujificha kwa sababu hakuna taa nyekundu inayowaka. Kazi haijashindwa; inangoja tu. Kila kitu kitafanyika, lakini kwa kuchelewa karibu siku nzima, kila siku, hadi mtu aulize kwa nini.

Zipo pia seva zilizowekwa kwenye saa ya dunia badala ya saa ya Afrika Mashariki. Sisi tuko mbele ya saa hiyo kwa saa tatu. Inapokuwa saa 8 usiku Jumatatu hapa Lukuledi, seva ya namna hiyo inaamini bado ni Jumapili saa 5 usiku. Ukiiambia ifanye kazi "Jumatatu hadi Ijumaa tu", itakataa kufanya kazi ya alfajiri ya Jumatatu yetu, na itaifanya alfajiri ya Jumamosi yetu bila kusita.

Kalenda haiandikwi na mashine

Kompyuta inajua kwamba Desemba ina siku 31. Haijui kwamba tarehe 9 Desemba ni siku ya Uhuru wa Tanganyika hadi iambiwe. Katika msimu wa mauzo wa 2026/2027 zipo sikukuu zinazoangukia katikati ya wiki: Siku ya Mwalimu Nyerere, tarehe 14 Oktoba, ni Jumatano, Uhuru, tarehe 9 Desemba, ni Jumatano, Mwaka Mpya ni Ijumaa, na Mapinduzi ya Zanzibar, tarehe 12 Januari, ni Jumanne. Hizi zinajulikana mapema na huandikwa katika kalenda ya programu mwanzoni mwa mwaka.

Sikukuu za Idd ni suala jingine, kwa sababu hutegemea kuandama kwa mwezi. Hapo lazima mtu mwenye mamlaka aiingize siku kwenye kalenda kwa mkono, pengine usiku wa kuamkia sikukuu yenyewe. Asipofanya hivyo, mashine itazituma kazi kwa ofisi zilizofungwa, kisha itaandika kwamba hakuna aliyejibu.

Kalenda za nchi nyingine nazo zinatugusa. Sehemu kubwa ya korosho ghafi yetu hununuliwa kwa ajili ya viwanda vya India na Vietnam. Mnada wa saa 4 asubuhi hapa kwetu unafanyika saa 6 na nusu mchana India na saa 8 mchana Vietnam. Ukisogea hadi saa 8 mchana kwetu, Vietnam ni saa 12 jioni, na ofisi nyingi zimefungwa. Aidha, India ina sikukuu ya Diwali kati ya Oktoba na Novemba, na Vietnam ina mwaka mpya wao, Tet, kati ya Januari na Februari. Mnunuzi ambaye fedha zake zinatoka huko anaweza kuwa na sharti la siku ambalo halimo kwenye kalenda ya ukutani mwetu.

Jina moja lenye kasoro

Orodha ya malipo inaweza kuwa na mamia ya majina. Namba moja ya akaunti ikikosewa, mfumo una njia mbili: kuizuia orodha nzima hadi kasoro irekebishwe, au kuwalipa wengine na kulirudisha jina hilo pekee. Njia ya kwanza huwaadhibu wasio na hatia. Njia ya pili ni ya haki zaidi, ila jina lililorudishwa huanza safari upya: hurekebishwa, huingizwa kwenye orodha mpya, na kungoja tena saa ya mwisho na siku ya kazi.

Ndiyo maana wakulima wawili wa kijiji kimoja, waliouza mnada mmoja kwa bei moja, wanaweza kupata fedha kwa siku tofauti bila mmoja kupendelewa. Akaunti iliyolala kwa kutotumika, jina la stakabadhi lisilofanana na jina la benki, au tarakimu mbili zilizopishana zinatosha. Kasoro hizi hurekebishwa kwa dakika chache mwezi Agosti. Mwezi Desemba, urekebishaji ule ule unaweza kula wiki.

Mambo ya kufanya

Kwa kuzingatia maelezo haya, wananchi wanashauriwa kufanya yafuatayo.

Kwanza, kabla msimu haujafunguliwa, hakiki jina na namba ya akaunti yako kwenye daftari la AMCOS. Usikubali kuambiwa "ipo". Omba uione, uilinganishe na kadi ya benki na kitambulisho chako, tarakimu kwa tarakimu.

Pili, tunza stakabadhi ya kila mzigo. Juu yake andika tarehe uliyopima na, baadaye, tarehe ya mnada ambamo mzigo huo uliuzwa. Mizigo miwili iliyopimwa siku mbili zinazofuatana inaweza kuangukia minada miwili tofauti, na kwa hiyo malipo mawili tofauti.

Tatu, malipo yakichelewa, usiulize tu "fedha zitakuja lini?" Uliza maswali matatu: mnunuzi alilipa tarehe ngapi, orodha ya AMCOS yetu ilipelekwa benki siku gani na saa ngapi, na je, jina langu limo katika orodha iliyolipwa au katika waliorudishwa? Maswali haya yana majibu ya kuandikwa, na anayeyajibu hawezi kujificha nyuma ya neno "mtandao".

Nne, hesabu siku za kazi. Orodha iliyopelekwa Ijumaa jioni au kuelekea sikukuu haistahili kudaiwa Jumapili. Lakini iwapo siku za kazi zilizotajwa katika mwongozo wa msimu zimepita na hakuna jibu la maandishi, peleka suala hilo kwa uongozi wa AMCOS, kisha kwa Afisa Mtendaji wa Kata, na kwa Afisa Ushirika wa Wilaya. Kudai maelezo ni haki ya mwanachama.

Tano, usiuze kwa kangomba kwa sababu ya taharuki. Ukijua kwamba orodha iko benki na fedha zinatarajiwa Jumanne, utakuwa na msingi wa kuzungumza na mwalimu mkuu au mwenye duka akuvumilie hadi Jumanne. Mtu asiyejua siku hana cha kumwahidi mwenzake.

Kwa upande wa viongozi wa vyama vya msingi, ombi ni moja na ni jepesi. Baada ya kila mnada, bandikeni kwenye ubao wa matangazo karatasi yenye mistari minne: tarehe ya mnada, tarehe mnunuzi alipolipa, siku na saa ambapo orodha ilipelekwa benki, na idadi ya majina yaliyorudishwa. Karatasi hiyo haihitaji umeme wala intaneti. Mkulima wa Lukuledi akiisoma atajua fedha zake ziko mlango gani, na atajua kama kinachomchelewesha ni kalenda au ni mtu.